Nilimwambia Baba Karatasi Imesema ni Sawa

Admin, ficha jina langu na la shule. Humu kuna watu wa Kitengela wanaojua geti letu. Naandika nikiwa saiba, kwa kompyuta ya kulipia, dakika zinaisha, mnisamehe nikikosea.

Niko na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Mbele ya watu huwa siongei. Shuleni nikisimama kusoma Kiingereza wenzangu hucheka, eti nashrabu, Kikamba kinatokea kwa kila neno. Nikiandika hakuna anayenisikia, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Baba ni fundi wa malori ya mawe na mchanga, gereji iko hapo hapo nyumbani. Aliacha shule darasa la pili, anajua namba tu. Barua, karatasi ya hospitali, kitu chochote kilichoandikwa, mimi ndiye macho yake. Ananiita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Kaka yangu, nitamwita Mutua, anafanya kazi mpakani Namanga. Mwaka jana alinunua gari ya spoti, nyeupe, milango miwili, ndoto yake tangu akiwa mdogo. Jumamosi moja mchana alikuja nayo akiwa na marafiki wawili na boksi. Ndani kulikuwa na filta ya hewa nyekundu, umbo la koni, ya kukaa wazi bila kifuniko. Alitaka baba atoe ile ya karatasi iliyokuja na gari.

"Mzee, hii inaimba," alisema. "Ukikanyaga mafuta, watu wanageuka."

"Barabara ya Namanga inatengenezwa, mnapitishwa kando kwa vumbi," baba akajibu. "Na hii kitu iko uchi, Mutua."

"Hiyo ya makaratasi ni ya teksi, mzee!"

"Malori yangu hayaimbi na yanafika Loitokitok."

Wote wakacheka, hata baba mwenyewe. Kisha akapangusa mikono, akatoa kikaratasi cha maelezo ndani ya boksi, akaniita kutoka jikoni. Kaka angesoma mwenyewe, lakini alikuwa ameshainama kwenye boneti akifungua skrubu.

"Mwaitu, tusomee. Ikisema inaweza vumbi, nafunga. Ikikataa, ile ya zamani inakaa."

Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Mmoja wa marafiki wa kaka, kijana ambaye kwa kweli nilikuwa nampenda kimoyomoyo, akasema, "Ongeza sauti, madam! Hiyo ni Kiingereza ya Machakos ama ya Kitui?" Wakacheka mpaka kaka akagonga kichwa kwa boneti. Uso ukawaka moto. Yaliyobaki nikayasoma kwa macho tu. Ilikuwa imeandikwa wazi: mahali pa vumbi usiifunge ikiwa kavu, ipake kwanza mafuta ya kichupa kilichomo, ndiyo yanayonasa vumbi, na uisafishe na kuipaka tena mara kwa mara. Nilielewa kila neno.

"Sasa imesema nini juu ya vumbi?" baba akauliza.

"Imesema ni sawa."

"Na hii kachupa?"

"Ni ya ziada tu."

Nikarudi jikoni mbio. Baba akaifunga vile ilivyokuwa, kavu, akaikaza kwa mkono wake. Kile kichupa mama alikichukua akapaka bawaba za geti, maana lilikuwa linapiga kelele.

Gari iliimba kweli. Lakini haikumaliza miezi mitatu, ikaanza kutoa moshi wa bluu, nguvu ikaisha, mwishowe ikazima njiani, Kajiado. Fundi wa huko alipitisha kidole ndani ya paipu nyuma ya filta, kikatoka na vumbi laini kama unga wa wimbi. Injini ilikuwa imelika yote ndani. Akamwuliza kaka, "Nani alikufungia hii kitu ikiwa kavu?"

Kaka alikuja nyumbani kwa basi. Hakuketi. "Mzee, ungesema tu hujui magari ya siku hizi. Fundi wa malori ni fundi wa malori." Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika kikombe chake cha chai. Nikangoja baba aseme, si huyu mtoto ndiye alisoma? Badala yake alinitazama kidogo, kisha akasema, "Labda mikono yangu imezeeka."

Mpaka leo sijui kama alisahau au alinificha.

Kaka hajarudi tangu siku hiyo, hata Krismasi. Akipiga simu anaongea na mama, na haulizi baba yuko wapi. Baba naye akiletewa gari anasema, "Peleka kwa vijana." Juzi alirudisha hata lori la mteja wake wa miaka mingi. Anashinda kwenye kiti kuukuu cha lori mbele ya gereji. Geti halipigi kelele tena, kwa hivyo hatusikii mtu akiingia, na baba kila saa anageuka kuangalia.

Kile kikaratasi nilikiokota, kiko ndani ya kamusi yangu. Wiki jana baba alileta dawa yake ya macho. "Mwaitu, nisomee." Nikamsomea maandishi yote ya pakiti, mara tatu. Akacheka, "Leo unasoma kama pasta kanisani." Nikatoka nje nikalia.

Pasaka kaka atapita kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Nikisema ukweli, baba atajua macho yake yalimdanganya, na sijui kama ataniita tena nimsomee. Nikinyamaza, ataendelea kuamini ni mikono yake iliyoharibu gari ya mtoto wake. Nishaurini. Nimwambie baba peke yake kwanza, au nikitoe kikaratasi mbele yao wawili nikisome chote, kwa sauti?

Tafadhali msiniambie nimwandikie barua. Kwetu barua za baba nazisoma mimi.