Miguu ya Shangazi na Mafuta ya Cherehani

Nyinyi mnaoijua studio yangu ya picha pale Kanyenye mnaujua huu mkasa, tena wengine mnaupenda kuliko ninavyoupenda mimi, maana sipiti sokoni bila mtu kuniuliza, "Dada Kalunde, leo unapiga uso au miguu?" na mimi nacheka, nitafanyaje, nimeshazoea. Lakini mnachokijua ni nusu. Kuna kipande sijawahi kumwambia mtu, hata padri, na leo kwa kuwa mmeniuliza kwa upole, na kwa kuwa mficha uchi hazai, nitakisema. Ila mniache niende kwa mwendo wangu, mkinikatiza nitaishia pale kwenye kuku kama siku zote.

Shangazi yangu Nyanzala, dada wa baba, ndiye aliyenilea kule Igalula tangu mama yangu afariki nikiwa darasa la tatu. Alikuwa mshona nguo. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na pembeni yake hakikukosekana kichupa cha mafuta, na kichupa kile ndicho kilichokuwa dawa ya nyumba nzima: bawaba ikilia, mafuta, kufuli ikigoma, mafuta, baiskeli ya katekista ikipita inalia barabarani anaitwa arudi, anatiwa mafuta hata kama anawahi misa. Kitu alichokuwa hakipendi ni picha. Jicho lake la kushoto lilichomwa na kijiti utotoni likabaki na ukungu mweupe, basi akiona simu imeinuliwa tu anajifunika kanga mpaka puani. Ukiacha ile picha ya kitambulisho (alipigwa ameshtuka, utadhani kaambiwa nyumba inaungua), uso wake haukuwa popote.

Alikuwa na mtoto mmoja, Shija. Miaka sita kabla ya haya ninayosema, Shija alitaka kwenda Mtwara kuendesha malori, na mama yake anataka abaki alime kwa sababu baba yake alishafariki, wakagombana mpaka majirani wakatoka nje, na shangazi akanyoosha kidole kwenye reli inayopita mbele ya nyumba, akasema neno ambalo sote tulilisikia: "Ukiivuka hiyo reli, usirudi kuniita mama." Shija akaivuka. Baadaye walikuwa wanapigiana simu, ndiyo, lakini simu za shikamoo, marahaba, mvua imenyesha huko, haya lala salama. Lile neno hakuna aliyeligusa.

Sasa shangazi akaumwa, na alijua kwamba huko anakokwenda harudi, akanipigia. "Kalunde, njoo na hiyo mashine yako. Kuna jambo nataka kumwambia Shija, na kwenye simu siwezi. Nataka anione usoni ninapolisema, asije akadhani nasema kwa sababu nakufa."

Jamani, mtu aliyekimbia picha miaka yote! Nikasema hapa nitafanya kazi ambayo sijawahi kufanya maishani. Nikachukua kamera kubwa na lenzi ndefu, ile nzito, ili niiweke mbali asiiogope, na uso wake uje karibu, laini, na nyuma kuwe na ukungu mzuri. Lenzi ile inavuta pua ya kamera chini, inataka stendi yenye kichwa cha kweli, pale kamera inapofungwa, na kichwa nilichokuwa nacho ni kile chenye gololi ndani, unaizungusha unakotaka halafu unakaza skrubu. Kwenye boksi iliandikwa kinabeba kilo nane na mzigo wangu haukufika hata nne (lakini maandishi ya boksi ni kama sifa za bwana harusi siku ya posa, ndugu zangu, msiyaamini). Fundi aliyeniuzia aliniambia kabisa, "Gololi inashika kwa ukavu wake. Ikilia, iache ilie, usitie mafuta." Na mimi nikawa nawafundisha wenzangu maneno hayohayo, kwa kiburi, kana kwamba nimeyatunga mwenyewe.

Nimefika Igalula, nimesimamisha stendi uani, nageuza kichwa, kwiii. Vumbi la njiani lilikuwa limeingia. Shangazi yuko kwenye kiti chake barazani, amedhoofu, kanga inampwaya, lakini masikio mazima.

"Hicho chuma kinalia nini?"

"Ni vumbi tu, shangazi."

"Na wewe umekiacha kilie?" Alishakishika kichupa. "Kilete hapa."

"Shangazi, hiki hakitiwi mafuta."

"Miaka arobaini nashona, Kalunde, leo unifundishe chuma?"

Alishaunyoosha mkono kukipokea. Nikajiambia, tone moja litafanya nini, mgonjwa amepata kitu cha kufanya, nimnyime? Hilo ndilo kosa lenyewe, dogo hivyo, heshima tu. Nikampelekea kichwa, akatia tone moja, akatia la pili, akatia la tatu, akaizungusha gololi mwenyewe kwa kidole, ikanyamaza, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miezi mingi. Nilipanga kuyafuta mafuta kwa kitambaa akigeuka pembeni, lakini hakugeuka. Basi nikakaza skrubu mpaka vidole vikauma, nikafunga kamera, nikaikandamiza kwa kiganja, haikusogea, nikaridhika. (Mwenye akili angesubiri dakika nzima aone. Mimi sikusubiri.)

Shangazi akawa amejifunika kanga. Akasema hataongea na mashine, ataongea na mimi, kwa hiyo nikaanzisha kurekodi, nikaenda kukaa kwenye kigoda mbele yake, pembeni kidogo, nimeipa kamera mgongo. Nikambania maiki ndogo kwenye kitenge. Nikakaa sawa. Ndipo akashusha kanga akaanza, na alizungumza kama nusu saa, polepole, kwa heshima zote, na mimi nalia.

Wiki mbili baadaye akafariki.

Alizikwa kesho yake, Igalula hakuna pa kumhifadhi mtu, na Shija alikuwa bado njiani. Kaburini nikasimama mbele ya watu, mdomo wangu huu, nikatangaza: "Shija hakuwahi, lakini shangazi ameacha maneno yake, na uso wake ataukuta, na nyinyi mtauona, siku ya kuanua matanga." Watu wakaitikia, wanawake wakalia upya, na mimi nikajiona mtu. Wakati huo, hiyo video sikuwa nimeiangalia hata mara moja. Kila nikitaka kuifungua mkono unakataa.

Shija alifika siku ya pili na lori, vumbi mpaka kwenye kope, akapitiliza kaburini bila kuingia ndani. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu. "Dada, ni kweli nitamuona?"

"Utamuona," nikasema.

Siku ya kuanua matanga jirani mwenye duka akaleta runinga yake kubwa, ikawekwa juu ya meza chini ya turubai, wazee wakakaa mbele, katekista, akina mama kwenye mikeka, na Shija kwenye kiti cha katikati. Nikabonyeza. Akatokea shangazi, mkubwa, amejifunika kanga mpaka puani, macho yanaangalia pembeni, na mgongo wangu unapita, na watu wote wakasema, "Aaah." Halafu nikaiona. Mwanzoni kidogo sana, kama macho yangu yanadanganya. Picha ilikuwa inashuka.

Ilishuka kwa upole, haina haraka, gololi inateleza kwenye mafuta na lenzi inavuta pua chini. Macho yakaenda, pua ikaenda, na pale hasa alipoishusha kanga ili mwanawe amuone, kilichobaki ni kidevu. Kidevu kikasema, "Shija mwanangu." Kisha nacho kikaenda. Ikaja shingo na rozari, ikaja kifua, na kifuani, haki ya Mungu, ikatulia, kifua cha marehemu kimejaa runinga nzima mbele ya wazee na katekista, sauti inazungumzia habari za kumcha Mungu. Bibi mmoja akajifunika uso. Mtu wa nyuma akasema, "Zima basi!" Mimi nimeganda na rimoti mkononi.

"Usizime," Shija akasema.

Ikashuka tena. Tumbo, magoti, ikafika chini ikakoma: kandambili za bluu, visigino vilivyopasuka, na sakafu ya baraza. Mguu wa kulia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama anakanyaga cherehani. Na sauti ikafika kwenye jambo lenyewe, tena akaanza na lile neno la reli, na hapohapo kuku akaingia kutoka kushoto, akasimama, akadonoa kitu karibu na kidole cha shangazi, akatazama kamera.

Nani angevumilia? Kicheko kilianzia kwa watoto kikafika kwa wazee, na Mzee Pazi hakukiacha kizimike. Huyu ni Mzaramo, alikuja zamani kwa kazi ya reli akabaki, na Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani, na mtani msibani hakasirikiwi. Akasimama, akaweka fimbo begani kama mpagazi: "Wanyamwezi mmekwisha! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo bila kulegea. Leo mjukuu kapewa chuma cha miguu mitatu, kamera moja tu imemshinda!" Akaanza kuinama polepole, polepole, mpaka paji la uso likagusa ardhi. Turubai zima likalia kwa kucheka. Niliweka rimoti chini nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa kwenye majivu na nguo zangu nyeupe.

Hapo ndipo mnapopajua, na hapo ndipo ninapoishia siku zote. Haya sasa.

Shija alinifuata. Nilitegemea anipige, na angenipiga nisingenyanyua mkono. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama alikitia mafuta, siyo?"

Nilikuwa nimeapa kutomtupia marehemu lawama, nikawa nachora majivu kwa kidole.

"Nimekiona kichupa kwenye picha. Kiko karibu na mguu wa kiti."

"Nilimkataza," nikasema. "Kidogo."

Akacheka, jamani, kicheko kilekile cha mama yake, kisha kikageuka, akalia mpaka nikamshika mabega. Aliponyamaza akaniuliza, "Lakini wewe ulikuwa unamtazama?"

"Nilikaa mbele yake."

"Basi njoo unionyeshe."

Tukaingia ndani wawili, tukafungua video kwenye kompyuta yangu, na pale kwenye miguu akawa anaisimamisha kila baada ya sentensi. "Hapa alikuwaje?" Namwambia, hapa aliinua kichwa kutazama reli. "Na hapa?" Hapa alifumba macho, akalamba midomo, ilikuwa imekauka. Nilikuwa nakumbuka kila kitu, na yeye anaitikia kwa kichwa, anakunywa maneno yangu kama mtu aliyetoka kwenye jua. Nikaanza kufikiri labda Mungu amenisamehe.

Tukafika kwenye kuku. Sauti ya shangazi: "Lile neno la reli nililisema kwa hasira. Jioni ileile nilishalirudisha, ila sikujua nikuambieje. Mimi ni mama yako, Shija. Sikuacha hata siku moja."

Akasimamisha. Hakuniangalia.

"Hapa. Hapa alikuwaje?"

Na hapa, ndugu zangu, mimi sijui. Simu ilitetemeka mapajani mwangu, bwana harusi mmoja wa mtaa wa Cheyo ananiuliza Jumamosi nitafika saa ngapi kumpiga picha, nikainamisha kichwa kusoma, sekunde tano, labda kumi. Nilipoinua, shangazi alikuwa ameshamaliza, anajifuta jicho kwa ncha ya kanga, na kama ni machozi au vumbi siwezi kuapa. Mtu aliomba aonwe usoni kwa neno moja tu katika maisha yake yote. Kamera ilikuwa inatazama kuku, na mimi natazama simu.

"Alikuwa anatabasamu," nikamwambia Shija. "Kama vile wewe ndiye uliyekaa pale."

Akafikiri kidogo. "Kwa jicho zima tu, au yote mawili?"

"Yote mawili."

Akafunga kompyuta akashukuru, mimi akanishukuru.

Kile kichwa nimekiweka kabatini, bado kinanuka mafuta ya cherehani. Nimenunua kingine kikubwa, na kabla ya kazi nakifunga, naning'iniza mzigo, nasubiri dakika nzima nikitazama, na mzee akiniletea mafuta nayapokea kwa mikono miwili, nasema asante, natia mfukoni. Simu naizima naiacha nyumbani, ndiyo maana mnalalamika sipatikani. Nimeapa kwamba mtu akisema neno lake mbele yangu nitamtazama mpaka amalize.

Lakini Shija bado ananipigia kutoka Mtwara. Jana tu amepiga. "Dada, nihadithie tena pale." Na mimi namhadithia, na kila mara lile tabasamu linakua kidogo, siku hizi hata mimi naliona. Kwa hiyo nyinyi mliosikia leo, nawaomba kitu kimoja. Mkikutana naye, ongeeni naye habari za kuku tu.