Niliyaogopa Maziwa ya Mke Wangu kwa Dhambi Yangu Mwenyewe

Naomba mtu asinipe pole. Mwanangu alikuwa na ziwa la mama yake limejaa, na mimi ndiye niliyemwachisha. Wala si kwa ujinga tu. Nilikuwa na sababu yangu, ila niliwaficha watu wote, na huko kuficha ndiko kulikotuponza.

Mimi ni fundi pancha hapa Mikumi, kando ya barabara kuu wanakopumzika watu wa maroli. Mke wangu nitamwita Mama Idi, na hilo nalo si jina lake. Kwao ni Vidunda, juu mlimani, mvua ikinyesha kupita ni kazi. Kwa hiyo mimba yetu ya kwanza tukakubaliana ajifungulie kwa mama yangu, Masanze. Mimi nikabaki kazini, naenda kuwaona nikipata nafasi.

Huku nyuma nikachepuka. Sina haja ya kupamba. Kuna mwanamke nilikuwa nakula kwake chakula cha jioni, mazoea yakazidi, basi. Mke wangu ana kichanga mikononi, mimi niko huko nachekacheka.

Mtoto alizaliwa na afya yake. Baada ya muda akaanza vituko: analishika ziwa, ananyonya kidogo, analiachia, analia. Kliniki wakimpima, uzito uko palepale. Siku moja nimefika Masanze nikamkuta mama yangu kampakata anamshikashika miguu.

"Huyu mtoto kabemendwa," akasema.

Kama hukukulia huku kwetu, nikueleze. Wazee wanaamini mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, akarudi nyumbani na jasho la mtu mwingine, ule uchafu unampata mtoto kupitia ziwa la mama. Anadhoofu, miguu inalegea. Wanasema amebemendwa. Neno hilo nimelisikia tangu mdogo na nililiamini kabisa.

Sasa mama alipolisema hakunitazama mimi. Alimtazama mke wangu. Nami nikatoka nje nikajifanya nakagua mnyororo wa pikipiki.

Nilichanganyikiwa. Nilijua ni mimi. Nikasema moyoni, mwanangu anakufa kwa sababu yangu, na nikikiri nyumba inavunjika. Ndipo nikajiona mjanja. Mtoto akiacha ziwa, uchafu wangu utampitia wapi? Niliporudi Masanze safari iliyofuata nilikuwa na kopo la maziwa ya unga na chupa ya kunyonyeshea.

"Maziwa yako mepesi," nikamwambia mke wangu. "Mtoto hashibi. Kuanzia leo mpe haya."

Akanishangaa. "Mepesi? Baba Idi, gauni linalowa mpaka naona aibu kutoka nje, wewe unasema mepesi?"

"Nimeuliza watu wanaojua."

"Watu gani? Si tumuulize nesi?"

"Mimi ndiye baba yake. Nimesema mpe kopo."

Nilipandisha sauti, aisee, mimi mwenye kosa. Na mama akaniunga mkono, ila kwa sababu yake: yeye aliona maziwa ya mkwewe ni machafu. Kila mtu alikuwa na siri yake juu ya kifua cha yule mwanamke, mwenyewe hajui hata moja.

Mke wangu akatii. Alikuwa anakamua kwenye kikombe, anakwenda kumwaga kwenye migomba huku machozi yanamtoka. Kifua kilimvimba, akapata homa. Mtoto akilia usiku, anageukia upande wa mama yake anatafuta ziwa, anatiwa chuchu ya mpira. Haya aliniambia yeye baadaye, mimi nilikuwa Mikumi nimelala.

Kopo nalo lina mambo yake. Likikaribia kuisha na mimi sijarudi, mama yangu anapunguza vijiko anaongeza maji, ili lifike. Mimi kwenye simu nasema nakuja, nakuja. Chupa inasuuzwa na maji ya ndoo basi imetosha. Mtoto akaanza kuharisha, macho yakaingia ndani. Walipomkimbiza hospitali, mimi nilifika nimepakaa grisi mpaka viwikoni, sikukumbuka hata kunawa.

Nesi alikuwa anamwangalia mdomoni. Akauliza kwa nini mtoto mdogo hivi hanyonyi.

"Maziwa ya mama yake mepesi," nikasema. Hata pale, bado nadanganya.

"Nani alikwambia? Mtoto ana fangasi mdomoni. Akinyonya anaumia, ndiyo maana alikuwa anaachia. Mngemleta mapema angepewa dawa ya kumdondoshea, angeendelea na ziwa lake."

Na hapo ingetosha. Lakini mama yangu akashindwa kujizuia, mbele ya wazazi wote wa wodi ile: "Nesi, tusifichane. Huyu mama yake kambemenda."

Wodi nzima ikageuka. Nesi akasema hayo mambo ya kubemenda hayapo, mama, usimsingizie mwenzio. Nani anamsikiliza? Wanawake walikuwa wanamkodolea macho mke wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Yeye hakubishana na mama. Alinigeukia mimi.

"Baba Idi, sema. Mimi nilitoka?"

Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo nilipolifanya lile kosa kubwa kuliko yote. Nilitakiwa kusema hapana, si yeye, ni mimi. Nilijua maneno yenyewe. Nikasema, "Tuongee nyumbani."

Akanitazama, akanitazama. Kisha akasema polepole, "Kumbe. Si maziwa mepesi. Ulikuwa unaogopa mambo yako mwenyewe." Hakuniuliza tena.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mke wangu alipotoka hospitali hakurudi Masanze, alichukuliwa na kaka yake wakapanda Vidunda. Nesi alimfundisha kumweka mtoto kifuani mara kwa mara ili maziwa yarudi. Yamerudi kidogo, upande mmoja, mtoto hayamtoshi. Mpaka leo napeleka kopo. Nikifika, namwamkia baba mkwe shikamoo, anaitikia marahaba, ananionyesha kiti. Mke wangu ananikabidhi mtoto bila neno, anachukua jembe anakwenda shamba mpaka niondoke.

Nikaona bora nimwambie mama ukweli. Nilimweleza yote, jikoni kwake. Nikadhani atalia, au atasema twende Vidunda tukaombe radhi. Unajua alisema nini?

"Basi nyamaza, mwanangu. Usimwambie mtu. Mambo ya ndani hayo."

Nilikasirika nikaondoka bila kuaga. Alipodhani ni mke wangu alitangaza wodi nzima. Alipojua ni mimi, yakawa mambo ya ndani. Nikiwa njiani ndipo nikajiuliza, hasira hii namkasirikia nani? Yeye kanifundisha kunyamaza, au mimi ndiye niliyeanza?

Kwa hiyo wewe mwenye kichanga, akikataa ziwa mpeleke zahanati, usimpeleke kwenye maneno ya watu. Mwingine kopo linamfaa kabisa na ameshauriwa na wataalamu, huyo sina neno naye. Lakini usimkaushe mama mwenye maziwa yake kwa kuwa wewe una hofu yako. Na mkeo akitazamwa kwa jicho baya na ukweli unao wewe, useme hapohapo, kabla watu hawajatawanyika.

Mke wangu ameniletea sharti moja kupitia kaka yake. Hataki ng'ombe wala mbuzi wa radhi. Anataka niende Masanze, niwakusanye mama na majirani, niseme mbele yao kwamba aliyetoka nje ni mimi, naye awepo asikie.

Sijaenda. Nimeweza kuwaambia ninyi tu, tena bila jina.