Namba za Kompyuta

Kwa agizo la Mkurugenzi, kompyuta zote kwenye mtandao wa ofisi zitajulikana kwa namba tu. Majina yote ya awali yamefutwa. Fundi alitii. Alizibandika namba kwa kiganja kile kile anachoziwekea mgongoni kila asubuhi, kama mama anayepima homa, akinong'ona: "Umeamkaje, Mjomba?" kwa kompyuta ile inayoahidi na kuchelewa, "Shikamoo, Mama Mkwe," kwa ile isiyopenda kuguswa. Dakika kumi kabla ya mkutano mkuu, hotuba ya Mkurugenzi haikuonekana. "Uliihifadhi kwenye namba ngapi, mzee?" fundi akauliza taratibu. "Namba nitazijulia wapi, bwana!" Mkurugenzi akafoka, jasho likimtiririka. "Iko kwa Mama Mkwe!" Fundi aliileta ikiwa bado na joto la printa, wala hakucheka. Agizo bado limebandikwa mlangoni.