Mashuka ya Kamalondo

Miaka ile Katanga ilipojitenga nilikuwa mwalimu wa shule ya parokia, na kila Jumamosi nilikwenda kwenye uwanja mdogo wa ndege kuosha ndege za klabu ya marubani. Mkufunzi wa pale, Mbelgiji mzee, alinifundisha kwanza injini, halafu ramani, mwishowe kuruka. Nilipata cheti cha rubani kwa neema ya Mungu na kwa subira ya mzee huyo. Mapigano yalipoanza, wakufunzi wenzake walirudi kwao, na macho yake yeye yalikuwa yamechoka. Akaniambia wazi: nikifaulu mtihani wa ukufunzi, ataniachia wanafunzi wawili waliobaki, nikishindwa, atafunga hanga na kuondoka.

Mke wangu alicheka sana.

"Utafundisha bantu kuruka? Weye unaogopaka hata ngazi!"

"Ngazi haina injini," nikamjibu.

Lakini asubuhi ya mtihani alipiga magoti pamoja nami.

Nilipaswa kukaa kiti cha kuume, cha mwalimu, na mzee akae kushoto ajifanye hajui kitu. Tuliruka vizuri. Nilimweleza usukani, mwendo na kimo, naye akakosea makusudi kila alipopata nafasi. Tulipogeuka kurudi akauliza:

"Mwalimu, upepo iko natoka wapi?"

Ndege hutua ikiukabili upepo. Ukikosea, uwanja unakuwa mfupi. Nami, kama kila mtu wa mji wetu, nilizoea kuusoma upepo kwenye moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba. Nikalitazama bomba. Halikutoa moshi. Tanuri zilikuwa zimezimwa tangu juzi kwa sababu ya mapigano. Nikatafuta mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo pale uwanjani, nikaona mlingoti mtupu. Askari walikuwa wameuteremsha ili usiwasaidie marubani wa adui.

Nikaangalia tena bomba, kisha mlingoti.

"Mwalimu analala?" akauliza mzee.

Nilitaka kubahatisha. Nani angejua? Kisha nikaona kwamba huo ungekuwa uongo, tena uongo kwa mtu aliyeniamini.

"Sijui," nikasema. "Tutafute pamoja."

Tulipopita juu ya Kamalondo, mtaa anakoishi mama yangu, nikaanza kucheka. Nyua zote zilikuwa nyeupe. Mama yangu na majirani zake hawakungoja siku ya kufua: moshi ukikatika, walitoa kila shuka la nyumba, maana siku hiyo masizi hayaangukii nguo. Tanuri zile zile zilizoninyima moshi zilikuwa zimejaza kamba zao.

"Tazama mashuka," nikamwambia. "Yanapepea kuelekea magharibi. Sisi tutatua tukielekea wapi?"

"Mashariki," akajibu upesi, akisahau kujifanya mjinga.

Tulitua salama. Alitia sahihi karatasi yangu juu ya bawa la ndege, akasema, "Ungebahatisha ningekuangusha, hata kama ungepatia." Akaongeza kwamba nisiache chaki, kwa kuwa siku ndege inapolala, mwalimu anahitaji kazi nyingine.

Alisema kweli. Majuma machache baadaye tulikatazwa kuruka. Nikawafundisha wanafunzi wangu wawili hali ya hewa na ramani katika ukumbi wa parokia, viti viwili vikiwa ndege yetu. Mchana nilijifunza kutengeneza injini. Anga ilipofunguliwa, tulipeleka dawa kwa masista upande wa Mokambo, mwanafunzi akishika usukani nami nikimfundisha njiani. Hivyo kazi ikawa na vyumba vingi, na sikukichoka hata kimoja. Namshukuru Mungu.

Mama nilimweleza habari ya mashuka siku ile ile ya mtihani. Hakustaajabu.

"Miye nilifula sababu mashuka ilikuwa chafu, mwanangu. Haikuwa juu yako."

Lakini tangu hapo kila mwanafunzi wangu alianza kwa miguu, uani kwa mama, akishika pindo la shuka na kuniambia upepo unatoka wapi. Asiyejua alitakiwa kusema hajui. Mama alimpa kiti, akamwambia angoje, upepo utarudi.