Bao la Jiwe na Mathe wa Nyasi

Wewe, umewahi kuingiza kidole kwa shimo lililochongwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa?

Jumamosi nilipanda kilima kimoja cha kihistoria hapa nje ya Nakuru. Guide akatuonyesha sisi wageni safu mbili za mashimo kwa jiwe. "Hayo yamechimbwa na mvua tu," akasema.

Mathe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akifyeka nyasi hapo, akacheka. Akaweka panga chini, akaokota vijiwe, akavigawa shimo kwa shimo. "Boss, hii ni bao. Hata sisi tulicheza hapa tukichunga mbuzi."

Nikaingiza kidole kwa shimo moja, I swear. Jiwe limelainishwa na vidole vya watu wa kale!

Guide akafoka: "Mathe, rudi kwa nyasi! Hukuandikwa kuongea na wageni."

Wakubwa wa kilima, huyu mathe mpeni kazi ya guide. Nyasi nitafyeka mimi, na digrii yangu ya historia.