Trela Isiyovaa Sketi

Hebu piga picha akilini, Verlin Stordahl anaingia. Majani ya miti yameshageuka manjano, upepo wa Dakota Kaskazini umeanza kupenya kwenye mapindo ya suruali, na wenye akili zao wamekwisha kuvuta trela zao kuelekea kusini. Yeye ndiyo kwanza anakuja. Pikapu nyekundu, honi mfululizo kana kwamba ameleta bibi harusi, na nyuma yake trela ndefu nyeupe ya kuishi ndani, iliyochorwa tai ubavuni, mabawa yametanda kutoka mlangoni hadi dirisha la jikoni. Kiti cha pembeni amekaa mkewe, Marlys, amepakata chungu cha ua jekundu.

Delphine Azure, anayetusimamia hapa Uwanja wa Sorum, sisi tunaoishi kwenye trela, alitoka kumwelekeza.

"Kushoto, bwana! Kata kushoto kwako!"

"Mama, mimi nimerudisha trela nyuma kabla hujazaliwa!"

Delphine ana wajukuu wanaonyoa ndevu. Alikunja mikono, akamwacha. Trela ikarudi taratibu, kwa heshima zake zote, ikaenda kuugonga mlingoti wa umeme. Tai akapoteza ncha ya bawa. Verlin akashuka, akautazama ule mlingoti kwa dharau.

"Nani kauweka hapa?"

Mlingoti umesimama pale tangu enzi za Sorum mwenyewe, aliyeufungua uwanja huu. Lakini nakuomba, msomaji wangu, ulishike vizuri swali hilo, maana ukilijua swali hilo umemjua Verlin mzima. Nikiendelea, naongeza nyama tu juu ya mfupa.

Alikuwa muuzaji wa mashine za kusafishia maji. Miaka yote ya utu uzima wake alipita mlango kwa mlango katika vimji vya mashambani, akawatisha wajane kuhusu chokaa iliyomo kwenye bilauri zao. Alikuwa na ulimi, hilo sikatai. Alipostaafu, ule ulimi ukabaki hauna kazi, ukaanza kufanya kazi nyumbani. Akamwambia Marlys kwamba nyumba ni jela. Akamwambia kukata majani na kupaka rangi ni utumwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yake Marlys, yenye bustani ya rubabi za kupikia jamu nyuma na stoo ya chini iliyojaa chupa za achari ya matango, na Marlys hakuwahi kulala kwingine kwa zaidi ya likizo. Verlin alimsemesha mchana na jioni mpaka ikauzwa. Fedha zikawa trela, na tai juu yake.

Marlys aliweka sharti moja, nalo aliliweka mbele yetu sote, Jumapili yao ya kwanza, tunakunywa kahawa kwenye nyumba ya kufulia nguo.

"Siku maji yakiganda humo ndani," alisema, "mimi naondoka. Nimeshakwambia, Verlin, na sasa hawa nao wamesikia."

"Yagande? Kwenye trela ile?" Verlin akacheka, akaweka mkono juu ya sanduku la biskuti kama anayeapa mahakamani. "Mpenzi, utaoga maji moto Januari huku unaimba."

Sisi tunaokaa kwenye trela mwaka mzima tukatazama vikombe vyetu.

Sasa, hapa kwetu kuna Jumamosi moja kabla ya ardhi kuwa ngumu ambayo haina dini wala siasa. Siku hiyo tunazivika trela sketi. Tunazunguka uwanja mzima, trela moja baada ya nyingine, tukiziba ile nafasi ya chini, kati ya sakafu na ardhi, kwa mabamba ya povu gumu la kuzuia baridi, ili upepo usipite chini ukagandisha mabomba. Asiye na povu huweka marobota ya majani makavu. Mpira wa maji tunauzungushia utepe wa umeme wa kuupasha joto. Anayetuongoza ni Orrin Fosse, mchomeleaji mstaafu, mtu mwenye maneno machache na mikono kama makoleo. Na sheria ni hii: ukikataa siku hiyo, hakuna atakayekuuliza tena. Ukibadili mawazo, unaoka keki, unaipeleka kwa Orrin, basi. Hakuna hotuba wala kuomba radhi. Keki ndiyo inayosema.

Orrin alifika kwa Verlin amebeba bamba begani.

"Habari, jirani. Tuanzie nyuma au mbele?"

"Msianzie popote," Verlin akasema. Alikuwa amesimama mlangoni amevaa ndara. "Njoo usome hapa, bwana Orrin." Akagonga kidole kwenye stika iliyobandikwa karibu na mlango. "Imeandikwa nini?"

"Misimu minne."

"Na baridi ni msimu au si msimu?"

"Inategemea uko wapi," Orrin akasema. "Hiyo stika imebandikwa kiwandani Indiana, na mtu aliyevaa fulana."

"Mimi trela yangu haivai sketi, kaka. Kaivisheni ile takataka pale." Akamwonyesha trela ya kahawia ya marehemu kaka yake Delphine, mbovu, mabati yamekunjamana, marobota ya majani yameizunguka hadi madirishani kama kuku anayeatamia. Delphine aliipasha joto kila mwaka kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Orrin akaligeuza bamba begani, akaenda zake. Nyuma ya Verlin, dirishani, nilimwona Marlys ameshika pazia.

Baridi ikaja. Si ile ya kupiga picha. Ni ile ambayo ukivuta pumzi nywele za puani zinasimama. Marlys alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye shule ya mji, anaondoka kabla jua halijatoka, na siku moja, akiwa huko anawapakulia watoto viazi, mpira wa maji wa Verlin uliganda kuanzia kwenye bomba la uwanja hadi ndani ya ukuta. Mtu mwingine angetukana kidogo, angechemsha maji, angeoka keki.

Verlin alikwenda kununua madumu.

Tukaanza kumwona, kila mkewe akishaondoka, anaburuta kibao cha watoto cha kuteleza kwenye theluji, na juu yake kitu kimefunikwa blanketi. Anajaza kwenye nyumba ya kufulia, anarudi akipitia nyuma, anamimina kwenye tangi lililo chini ya kitanda chao. Ikifika jioni, Marlys anafungua koki na maji yanatoka. Kuhusu choo sitasema neno, labda unasoma ukiwa mezani.

"Naona unalea mtoto, bwana Verlin," Delphine alimwambia siku moja, akitazama lile blanketi.

"Maji ya hapa yanafaa kwa kahawa," Verlin akajibu bila kupepesa. "Yana madini."

"Ni bomba lilelile moja, bwana."

"Ulimi wako haujazoea tu, mama. Mimi ndiyo kazi yangu hii."

Unaona mtu huyo? Ngozi ya vidole imechanika kwa baridi, ndevu zimejaa barafu, mgongo umepinda, na bado ana nafasi ya kumfundisha mwenzake ladha ya maji. Ungedhani jitihada ile ni ya mapenzi. Na mimi nilitaka kudhani hivyo, nilijitahidi kweli. Lakini mtu anayempenda mkewe humwambia, vaa soksi nzito, tumepatikana. Huyu alikuwa anailinda ile stika.

Na kichekesho, kama ni kichekesho, ni kwamba Marlys alijua. Alijua tangu jioni ya kwanza. Alimwambia Delphine wakikunja mashuka.

"Trela ikiwa imeunganishwa na bomba la uwanja, maji yanakuja yenyewe, kimya," alisema. "Yakitoka kwenye tangi, lazima pampu iyavute. Na ile pampu, shoga, inakoroma kama baba mkwe wangu. Naosha kikombe, inakoroma. Napiga mswaki, inakoroma. Naye anakaa pale mezani anaongeza sauti ya redio."

"Na wewe husemi?"

"Nangoja aseme yeye."

"Si ulisema utaondoka?"

Marlys akalainisha ukingo wa shuka kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. "Nikitaka kuondoka kwa sababu ya barafu ningekuwa nimeshaondoka. Aseme tu, Marlys, tumekwama. Neno hilo tu. Keki nitaoka mimi mwenyewe na kuipeleka mimi mwenyewe. Nyumba ya mama nilimpa, Delphine. Yeye anipe sentensi moja."

Delphine akatusimulia, na tangu siku hiyo tukawa tunamtazama Verlin na kibao chake kwa macho mengine. Tulikuwa tunangoja pamoja na Marlys. Mtu mwenye ulimi kama ule, tulisema, sentensi moja itamshinda?

Katikati ya Februari tulikula pamoja kwenye nyumba ya kufulia, kila mtu na bakuli lake. Delphine alileta supu ya vibonge vya nyama, Orrin alileta lefse, zile chapati za viazi, za kununua, na Marlys nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu. Walikuwepo bwana na bibi wageni, vijana, wamefika wiki hiyohiyo kwa kazi ya mabomba ya mafuta, trela yao kama kiberiti. Yule binti akauliza, hata hakumlenga mtu: "Jamani, baridi hii mnaivukaje?"

Orrin alikuwa anatafuna. Verlin akasimama.

"Msidanganywe na watu wa hapa, wanangu. Watawavisha sketi, watawaletea majani ya farasi. Yote hofu. Mimi trela yangu mnaiona, wazi, upepo unapita chini kama barabarani. Maji yangu hayajaganda hata siku moja." Akamgeukia mkewe, mkono ameunyoosha, kama anayemwita jukwaani. "Muulizeni Marlys."

Yule binti, masikini, akamtazama Marlys kweli, anangoja jibu, kwa sababu kwake yeye ilikuwa ni habari ya kulala kwenye baridi au kutolala.

Marlys akafuta mdomo.

"Verlin," akasema taratibu, "ile pampu inafanya kazi gani?"

Alimfungulia mlango, ndugu zangu. Aliufungua mpaka ukutani. Angeweza kupita hata kwa mzaha, angeweza kusema aah mke wangu, umenikamata, na sote tungecheka tukamwekea nyama nyingine.

"Inazungusha maji," Verlin akasema. "Ili yasilale."

Orrin akaweka uma chini.

Marlys akamgeukia yule binti. "Mwanangu, yameganda tangu Desemba. Kesho asubuhi mwende kwa Orrin huyu hapa, mmpelekee keki." Kisha akavaa koti, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akatoka. Hakwenda mbali. Hakwenda kwa dada yake Arizona. Alikwenda na lile ua lake hadi kwenye trela ya kahawia, ile takataka, na Delphine akamfungulia. Ndani mlikuwa na joto. Alifungua koki, akaniambia baadaye, na maji yakatoka kimya kabisa, akasimama pale akiyasikiliza.

Verlin akabaki na bakuli lake. "Amechoka," alitueleza. "Kazi ya shule ile." Akajipakulia tena.

Siku zikapita. Kibao kiliendelea kupita na blanketi lake, ijapokuwa sasa hakukuwa na wa kufichwa. Sisi tuliacha hata kumtania, maana mtu unamtania ukiwa bado unamtarajia kitu.

Halafu Jumapili moja, theluji inaanza kuoza pembeni, tukamwona anatoka na sinia. Keki. Alikuwa ameioka mwenyewe katika jiko lile dogo, imebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa, upande mmoja mweusi. Mkono wa pili ameshika dumu tupu. Akapita mlango wa Orrin. Akasita, akauangalia, akaupita. Akaenda kusimama mbele ya marobota ya majani, akagonga.

Marlys akafungua.

"Nimeoka nyingi mno," Verlin akasema. "Hii imezidi."

"Na dumu?"

Akaliangalia kama analiona mara ya kwanza. "Nimelikuta njiani."

Marlys alisimama pale, joto la ndani likitoka nyuma yake, mkono kwenye kitasa. Aliitazama ile keki. Hapa kwetu keki ndiyo inayosema, kila mtu anajua, na Verlin naye alijua. Lakini Marlys hakuomba keki. Aliomba sentensi.

Mimi jibu langu ninalo, na si zuri. Wewe uliyekaa nami tangu ule mlingoti: ungekuwa wewe umeshika kitasa kile, ungefanyaje?