Madamu Aliyetoka Nje na Watoto Kuitazama Mvua

Nyumba ya Madamu ilianguka mchana, sote tukitazama. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika, na kile kijito kinachopita chini ya barabara yetu hapa Kampemba kilifurika hadi viwanjani. Kuta za matofali mabichi zilianza kulowa kutoka chini. Ukuta wa mbele ulilegea, ukakaa chini polepole, na mabati yakaufuata. Madamu alikuwa amesimama katikati ya maji, mtoto wa jirani mgongoni, mkoba wake wa shule kichwani. Hakupiga yowe. Alitugeukia tu akasema, "Twende ku paroisse. Batoto kwanza."

Watoto ndio waliomwita Madamu, nasi wazazi tukaiga. Alikuwa mjane, binti wa mfanyakazi wa reli aliyekuja mjini kutoka kaskazini mwa Katanga, na alifundisha darasa la pili katika shule iliyo mwisho wa barabara yetu. Binti yangu alikuwa mwanafunzi wake.

Tulihifadhiwa katika ukumbi wa parokia, familia nyingi pamoja, mikeka imebanana. Sisi ambao nyumba zetu zilibaki zimesimama tulirudi mara maji yalipopungua. Madamu hakuwa na pa kurudi. Alikaa pale majuma mengi, akitoka asubuhi kwenda kufundisha kama kawaida, sare yake imenyooshwa sijui kwa pasi ya nani.

Huko ukumbini ndiko alikoona jambo lililotupita sisi wengine. Kila wingu lilipotanda, watoto walianza kulia. Binti yangu mwenyewe, huku nyumbani, radi ikipiga, alijificha chini ya kitanda, nasi tulimcheka. Darasani, matone yakigonga bati, watoto waliweka kalamu chini na kuutazama mlango. Siku moja nilimuuliza Madamu tuwafanyeje.

"Banaogopa sababu habajue maji inaenda wapi," alinijibu. "Na miye nilikuwa sijue. Sasa tutajifunza pamoja."

Basi mvua ndogo iliponyesha, badala ya kufunga mlango, aliwatoa nje. Waliyafuata maji. Yanatoka wapi? Yanapita wapi? Ni nini kinachoyazibia njia? Waliona mfereji ulivyoshindiliwa mifuko na chupa za plastiki. Waliona mashimo makubwa bondeni, pale wanaume wanapochimba udongo wa matofali, na kwa kila shimo wakachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Aliwafundisha kutembea wawili wawili, mkubwa amemshika mdogo, kwa njia ya juu hadi parokia. Aliwafundisha kunawa mikono kila baada ya mafuriko na kutokunywa maji ya kisima hadi yachemshwe. Na aliwapa neno moja ambalo waliliimba wakipiga makofi: "Kama hauone chini, usikanyage!"

Mume wangu hakupendezwa. Yeye ni mfanyabiashara, watu wake walitoka Kasai, na nyumbani kwao shule ilikuwa kitu cha kuheshimiwa kama misa. Binti yetu aliporudi tena na matope hadi kiunoni, aliweka sahani ya bukari, ugali wetu, kando.

"Tunamutuma mutoto ku masomo, anarudia na matope! Français iko wapi? Calcul iko wapi?"

Alikwenda kumkabili Madamu kuhusu Kifaransa na hesabu. Nilimfuata nikiogopa ugomvi. Lakini Madamu alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Papa, uko na haki ya kuuliza. Kesho, kuya kwa kijito, uone batoto banafanya calcul gani."

Kesho yake alikwenda. Aliwakuta watoto na fimbo ndefu yenye alama za makaa, wanapima kina cha maji, wanatoa kipimo cha jana katika kipimo cha leo, wanabishana kwa Kifaransa nani kakosea. Alirudi nyumbani. Hakusifu, lakini hakulalamika tena.

Msimu wa mvua uliofuata, maji yalikuja asubuhi, wakati wa masomo. Nilikuwa sokoni na matembele yangu. Niliposikia kijito kimefurika tena, niliacha kila kitu mezani nikakimbia. Shuleni nilikuta milango wazi na madarasa matupu, maji yanazunguka kati ya madawati. Nilimwita binti yangu kwa sauti. Mlinzi wa shule, aliyekuwa amepanda juu ya ukuta, alinipungia mkono: "Mama, usilie! Bote bako ku paroisse!"

Niliwakuta ukumbini, darasa la Madamu na wengine wote waliowafuata, wamelowa chapachapa, wameketi wawili wawili, wanaimba. Madamu alipita katikati yao akimgusa kila mmoja kichwani na kumwita kwa jina. Hakukosekana hata mmoja. Wakubwa walikuwa wamewavulia wadogo makoti yao.

Furaha yangu ilikuwa fupi, kwa maana nilikumbuka mtoto wangu mchanga niliyemwacha nyumbani na mpwa wangu. Nilimshika binti yangu mkono, tukatoka, nikakata kuelekea bondeni, njia ya mkato. Bonde lote lilikuwa maji ya rangi ya chai, yametulia. Niliyaona kama ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Vile vitambaa vyekundu vilikuwa vimesombwa.

Binti yangu alisimama. Nilimvuta, naye akanivuta.

"Mama, hapana. Pale hatupite."

"Mutoto mudogo analia ku nyumba! Twende!"

"Mama, unaona chini?"

"Maji ni kidogo!"

"Unaona chini?"

Aliniachia mkono, akaokota tawi refu lililoanguka, akalichomeka mahali nilipotaka kuweka mguu. Tawi lilizama lote. Alilifuata kwa mkono wake hadi begani, na bado halikugusa kitu.

Tulizunguka kwa njia ya juu, njia ndefu, yeye mbele na mimi nyuma, tukafika nyumbani na kumkuta mtoto amelala juu ya meza, mpwa wangu amesimama majini akimlinda. Hapo ndipo nilipolia.

Nilimsimulia mume wangu. Alimwita binti yetu, akamkalisha magotini, mtoto mkubwa yule. Kisha akatoka kwenda kwa Madamu.

"Madamu, sema unataka nini."

"Mikono," alijibu. "Na majembe."

Mume wangu alizunguka kwa wafanyabiashara wenzake wote wa soko. Jumamosi iliyofuata barabara nzima ilitoka kwa salongo, kazi ya pamoja, hata wale ambao maji hayawafikii. Mfereji ulizibuliwa, mashimo yakajazwa mawe na vifusi, majani ya kushika udongo yakapandwa ukingoni. Na kabla ya kiangazi kwisha, wazazi walimjengea Madamu, aliyekuwa bado analala kwa majirani, nyumba ya matofali ya kuchoma, juu ya msingi wa mawe. Alipoonyeshwa, aliikagua, akapapasa ukuta, akasema baraza ni ndogo, watoto hawataenea. Tukaipanua. Bado anafundisha darasa la pili.

Mwaka huu tulikwenda Kipushi kumtembelea dada wa mume wangu. Tulikuwa mezani, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Zambia. Binti yangu aliacha kula, akatazama dirishani bila hofu yoyote, kisha akauliza kwa adabu:

"Tantine, hapa kwenu maji inapitaka wapi?"

Shangazi yake alimtazama mumewe, mumewe akawatazama wanawe. Hakuna aliyejua. Basi tuliinuka sote, wakubwa kwa wadogo, tukatoka nje kwenda kutazama.